Propranololi na Amitriptilini kwa Kinga ya Kipandauso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Propranololi na amitriptilini ni dawa mbili za cheti ambazo madaktari wengi huzifikiria mwanzoni kabisa mgonjwa anapofika na kipandauso kinachomrudia mara kwa mara. Zote mbili ni za miaka mingi, bei yake ni nafuu zikilinganishwa na dawa mpya za ugonjwa huo, na zote hunywewa kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi. Wagonjwa huuliza ni ipi yenye nguvu zaidi. Swali hilo lina jibu, lakini kabla yake yapo mengine yanayoamua mengi zaidi: mgonjwa ana maradhi gani mengine, anatumia dawa gani nyingine, analala vipi, na anafanya kazi gani? Maelezo yanayofuata yanawahusu watu wazima, isipokuwa pale watoto wanapotajwa, na yamekusudiwa kumsaidia mgonjwa azungumze na daktari wake akiwa na ufahamu, si kumpa ruhusa ya kujitibu.

Je, dawa hizi hutuliza kichwa kinachoniuma sasa hivi?

Hapana, na kutolijua jambo hili ndiko kunakowafanya watu wengi waziache kabla hazijaanza kuwasaidia. Matibabu ya kipandauso yana sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kulituliza shambulio likishaanza, na kazi hiyo hufanywa na parasetamoli, aspirini, ibuprofeni au, kwa mashambulizi makali, sumatriptani. Sehemu ya pili ni kinga, yaani kuyapunguza mashambulizi yenyewe yasije mara nyingi na yasiwe makali yanapokuja. Propranololi na amitriptilini ziko katika sehemu hii ya pili. Mtu anayemeza kidonge cha propranololi wakati kichwa kinampasuka, akasubiri nusu saa, akaona hakuna nafuu na kuamua kwamba dawa haifanyi kazi, ameitumia kwa kazi ambayo haikuandikiwa.

Kwa kawaida kinga hufikiriwa pale maumivu yanapomshika mtu takribani siku nne au zaidi kwa mwezi, au yanapokuwa machache lakini yanamlaza kitandani na dawa za kutuliza hazimsaidii, au anapojikuta akimeza dawa za kutuliza mara nyingi mno. Hili la mwisho linastahili uzito wake. Mtu mwenye kipandauso anayemeza parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, anaweza kupata maumivu mapya ya kichwa yanayosababishwa na dawa zenyewe. Kwa sumatriptani, tramadoli, kodeini na vidonge vya mchanganyiko wa dawa kadhaa za maumivu, mpaka ni mdogo zaidi: siku 10 kwa mwezi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kuongeza kinga bila kupunguza vidonge vya kutuliza mara nyingi huleta matokeo hafifu, kwa hiyo mwambie daktari idadi ya kweli ya vidonge unavyomeza, hata kama ni kubwa.

Ni maumivu gani ya kichwa yasiyopaswa kusubiri dawa hizi?

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukipata maumivu makali mno yaliyokuja ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja. Maumivu yenye homa na shingo iliyokakamaa. Maumivu yenye udhaifu wa mkono au mguu, kupinda kwa mdomo, kushindwa kuzungumza, degedege au kuchanganyikiwa. Maumivu yaliyoanza baada ya kuumia kichwa. Au jicho jekundu lenye maumivu na kutoona vizuri. Mjamzito aliyevuka wiki ya 20 ambaye kichwa kinamuuma sana, hasa akiwa anaona nyota au amevimba uso na mikono, apimwe shinikizo la damu bila kuchelewa kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Anayeishi na virusi vya UKIMWI akianza maumivu mapya ya kichwa yanayozidi siku hadi siku anahitaji kuchunguzwa homa ya uti wa mgongo, ikiwemo ile inayosababishwa na fangasi. Mtu aliyevuka miaka 50 ambaye hajawahi kuugua kichwa maishani naye asichukuliwe kuwa na kipandauso hadi achunguzwe.

Katika maeneo yetu lipo pia suala la malaria. Kichwa kinachouma pamoja na homa kinahitaji kipimo cha damu kwanza.

Dawa hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kichwa tangu mwanzo?

Hakuna hata moja. Propranololi ilitengenezwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na James Black, akiwa katika kampuni ya ICI, kwa ajili ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha. Kazi yake ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1988. Faida yake kwa kichwa iligunduliwa kwa bahati: katikati ya miaka hiyo ya 1960, wagonjwa wa moyo waliopewa dawa hiyo waliona kwamba kipandauso chao cha miaka mingi kimetulia, na taarifa ya jambo hilo ikachapishwa mwaka 1966. Amitriptilini nayo ilianza kutumika mwaka 1961 kutibu sonona, kisha ikaonekana kwamba inapunguza maumivu ya kichwa hata kwa watu wasio na sonona, tena kwa dozi ndogo zaidi.

Kwa lugha nyepesi, propranololi huziba milango ambayo adrenalini huitumia kuuharakisha moyo na kuichochea mishipa, na inaonekana pia kwamba huituliza sehemu ya ubongo inayolianzisha shambulio. Amitriptilini huacha kemikali mbili za ubongo, serotonini na noradrenalini, zikae muda mrefu zaidi kati ya seli za neva, na hivyo kuzipa nguvu njia za asili ambazo mwili huzitumia kuyazima maumivu.

Nimesoma karatasi ya amitriptilini nikaona ni dawa ya sonona. Je, daktari anadhani nina tatizo la akili?

Hadhani hivyo. Swali hili linastahili kujibiwa kwa upole kila linapoulizwa, kwa sababu aibu inayoambatana nalo huwafanya wagonjwa wakae kimya na kuitupa dawa. Dozi inayotibu sonona kwa kawaida huwa kati ya 75 mg na 150 mg kwa siku. Dozi ya kukinga kichwa mara nyingi huanza na 10 mg usiku, na wengi hupata nafuu kabla ya kufika 50 mg. Kwa dozi hizo ndogo dawa inafanya kazi ya kupunguza maumivu, kama inavyofanya kwa wagonjwa wa kisukari wenye miguu inayowaka moto kutokana na kuharibika kwa neva. Ninaamini mhudumu anayeandika dawa hii bila kulisema jambo hili mapema anamkosea mgonjwa wake, kwa kuwa mgonjwa ataisoma karatasi hiyo nyumbani peke yake na kuelewa vingine.

Ni kweli pia kwamba mtu mwenye kipandauso na sonona kwa pamoja, au mwenye kipandauso na usingizi uliokatika, huweza kufaidika nayo mara mbili. Lakini hilo lijadiliwe wazi, kwa kuwa dozi ndogo ya kichwa haitoshi kutibu sonona.

Basi ipi ina ushahidi wenye nguvu zaidi?

Kwa kipandauso peke yake, propranololi iko mbele. Mwongozo wa mwaka 2012 wa chuo cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani uliiweka katika daraja la kwanza la ushahidi, na amitriptilini katika daraja la pili. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani nayo inaitaja propranololi kwa kinga ya kipandauso, ilhali amitriptilini imo katika orodha hiyo kwa sababu nyingine, ikiwemo sonona. Hata hivyo, daraja la ushahidi linaeleza wingi na ubora wa tafiti zilizofanywa. Halisemi kwamba kila mgonjwa atapata nafuu kubwa zaidi kwa dawa ya daraja la juu. Tafiti zilizozilinganisha dawa hizi moja kwa moja ni chache, na zimeonyesha kwamba zote mbili husaidia kuliko kidonge kisicho na dawa.

Mambo hubadilika inapobadilika aina ya kichwa. Yapo maumivu ya mkazo, yale yanayobana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa, yasiyodunda, yasiyoleta kichefuchefu, na yanayoweza kumkaa mtu karibu kila siku. Kwa maumivu hayo yakiwa sugu, amitriptilini ndiyo dawa ya kinga inayochaguliwa kwanza, na propranololi haina nafasi ya maana. Mtu mwenye mchanganyiko wa aina zote mbili, na watu hao ni wengi, mara nyingi hufaa zaidi kuanza na amitriptilini. Ndiyo maana shajara ya kichwa ina thamani kubwa: andika katika daftari lolote siku, saa, upande unaouma, kama kinadunda au kinabana, kama kulikuwa na kichefuchefu, na ulimeza nini. Daftari la mwezi mmoja humwambia daktari mengi kuliko kumbukumbu ya dakika tano ukiwa mbele yake.

Nina pumu. Je, naweza kutumia propranololi kwa dozi ndogo?

Hapana. Hili ndilo katazo kubwa kuliko yote kuhusu dawa hii, na halilegezwi kwa kupunguza dozi wala kwa hoja kwamba pumu yako haijakusumbua siku nyingi. Milango ileile ambayo propranololi huiziba kwenye moyo iko pia kwenye njia za hewa za mapafu, ambako kazi yake ni kuzifanya zibaki wazi. Ikizibwa, njia hizo zinaweza kujikaza ghafla. Ubaya wake ni kwamba dawa ya kuvuta ambayo mgonjwa wa pumu huitegemea, yaani salbutamoli, hufanya kazi kwa kupitia milango hiyohiyo, na kwa hiyo anapoihitaji zaidi inaweza kushindwa kumsaidia. Wapo waliopoteza maisha kwa njia hii.

Shida katika mazingira yetu ni kwamba watu wengi wenye pumu hawajui kuwa wanayo. Wameambiwa wana kifua, mzio wa vumbi, au mafua yasiyoisha. Kwa hiyo kabla ya kukubali cheti cha propranololi, mweleze daktari kama umewahi kupumua kwa kukoroma au kwa mluzi kifuani, kama hukohoa usiku au alfajiri, kama moshi wa kuni au baridi hukubana kifua, au kama uliwahi kuwekewa mvuke wa dawa hospitalini utotoni. Usisubiri uulizwe. Kwa mwenye historia hiyo, amitriptilini huwa chaguo salama zaidi kwa upande wa mapafu.

Katazo jingine linalofanana na hilo ni kwa mtu anayepata mzio mkali wa kutishia maisha, mathalani akiumwa na nyuki. Sindano ya adrenalini inayomwokoa mtu katika hali hiyo inaweza isifanye kazi ipasavyo mwilini mwa anayetumia propranololi, kwa hiyo daktari ni lazima ajue.

Vipi kuhusu moyo, shinikizo la damu na kisukari?

Mwenye shinikizo la damu la juu au mapigo yanayokwenda mbio kwa wasiwasi anaweza kupata faida ya ziada kwa propranololi, ingawa kwa sasa haimo miongoni mwa dawa zinazoanzwa kwa shinikizo la damu pekee. Kinyume chake, mtu ambaye shinikizo lake ni la chini kwa asili, au mapigo yake ni chini ya 50 kwa dakika, au ana hitilafu ya umeme wa moyo, au moyo wake umeshindwa kazi na hali haijatulia, hapaswi kuanzishiwa dawa hii. Ikichanganywa na verapamili, dawa nyingine ya moyo na shinikizo la damu, mapigo yanaweza kushuka hadi kiwango cha hatari.

Amitriptilini nayo si rafiki wa moyo uliokwisha kuumia. Hairuhusiwi kwa mtu aliyetoka kupata shambulio la moyo karibuni wala kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio. Kwa wazee, na kwa yeyote mwenye historia ya moyo, ni busara kupima umeme wa moyo kabla ya kuianza.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari anahitaji tahadhari ya pekee na propranololi. Sukari inaposhuka, mwili humtahadharisha mtu kwa kutetemeka na moyo kwenda mbio. Propranololi huzificha dalili hizo mbili na kuacha jasho peke yake, naye mgonjwa anaweza kuzimia kabla hajajua kinachotokea. Amitriptilini haifichi dalili hizo, lakini huongeza hamu ya kula na uzito, jambo ambalo mwenye kisukari halihitaji.

Ni nani mwingine asiyefaa kutumia amitriptilini?

Mwenye presha ya macho ya aina ya pembe finyu. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba ambaye tayari anakojoa kwa shida. Mwenye ugonjwa wa hisia unaopanda na kushuka, kwa sababu dawa inaweza kumrusha katika msisimko uliopita kiasi. Na mwenye kifafa, ambaye anahitaji uangalizi kwa kuwa dawa hii hurahisisha kutokea kwa degedege. Kwa vijana walio chini ya miaka 25, dawa zote za kundi la sonona zina onyo kuhusu mawazo ya kujitoa uhai katika wiki za mwanzo. Familia ielezwe hivyo, na mtu aliyewahi kujaribu kujidhuru asikabidhiwe kopo zima la vidonge hivi.

Zinanywewaje, na baada ya muda gani nitaona nafuu?

Propranololi kwa kawaida huanza na 40 mg mara mbili kwa siku, wakati mwingine chini ya hapo, kisha hupandishwa taratibu. Wengi hutulia kati ya 80 mg na 160 mg kwa siku, na kikomo cha kawaida ni 240 mg. Inywe kwa utaratibu mmoja kila siku kuhusiana na chakula. Amitriptilini hunywewa mara moja, saa moja au mbili kabla ya kulala, ikianza na 10 mg na kupandishwa kidogo kidogo kila baada ya wiki moja au mbili. Pale ambapo kidonge cha 10 mg hakipatikani, baadhi ya madaktari huagiza nusu ya kile cha 25 mg.

Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi nane, na hukumu ya haki haiwezi kutolewa kabla ya miezi miwili au mitatu ya dozi inayotosha. Mafanikio maana yake ni siku za maumivu kupungua angalau kwa nusu. Mgonjwa aliyekuwa akiugua siku kumi kwa mwezi na sasa anaugua nne amefanikiwa, na huenda asiligundue hilo asipokuwa na daftari lake, kwa sababu siku nne zinazouma hukumbukwa kuliko sita zilizotulia. Mara nyingi dawa huendelezwa miezi sita hadi kumi na miwili, halafu daktari hujaribu kuipunguza.

Maudhi yake yanatofautianaje?

Propranololi huleta uchovu, ubaridi wa vidole, kizunguzungu unaposimama, ndoto za kutisha, na kwa baadhi ya wanaume kupungua kwa nguvu za kiume. Mtu anayelima kwa jembe, anayebeba mizigo au mwanariadha ataona kwamba pumzi na nguvu havipandi kama zamani, kwa kuwa moyo umezuiwa kwenda kasi. Kwake yeye hili si jambo dogo, maana linagusa riziki yake.

Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo, huleta ukungu wa macho, huongeza uzito na zaidi ya yote huleta usingizi unaoweza kuendelea hadi asubuhi. Usingizi huo mara nyingi hupungua baada ya wiki ya kwanza au ya pili, na kuinywa mapema zaidi jioni husaidia. Maji ya kutosha, matunda kama papai na mboga za majani husaidia choo. Meno yapigwe mswaki kwa bidii, kwa kuwa mdomo mkavu huyaozesha.

Kwa mgonjwa asiyelala vizuri na aliyekonda, usingizi na hamu ya kula ni neema. Kwa dereva wa lori anayeondoka saa kumi alfajiri, usingizi huohuo ni hatari kwake na kwa abiria wa magari mengine. Dereva, bodaboda na anayeendesha mashine asifanye kazi hiyo katika siku za mwanzo za amitriptilini wala baada ya kila dozi kupandishwa, hadi ajue inavyomwathiri. Pombe huzidisha usingizi huo kwa kiasi kikubwa.

Ninatumia dawa nyingine. Zipi zinagongana na hizi?

Hapa amitriptilini ndiyo yenye orodha ndefu. Dawa mseto ya malaria ya artemeta na lumefantrini, inayojulikana Tanzania kama ALu, haipaswi kutumiwa pamoja nayo kwa mujibu wa maelezo ya watengenezaji, kwa kuwa lumefantrini huzuia kimeng'enya kinachoiondoa amitriptilini mwilini, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mgonjwa anayetumia amitriptilini akikutwa na malaria aseme hivyo kabla ya kupewa dawa, ili mhudumu achague njia salama. Asikae bila kutibiwa malaria kwa sababu ya kichwa. Dawa za kufubaza VVU zenye ritonavir zinaweza kuongeza kiwango cha amitriptilini katika damu. Fluoksetini, ambayo nayo ni dawa ya sonona, hufanya vivyo hivyo. Tramadoli ikichanganywa nayo huongeza hatari ya degedege na ya msukumo mkubwa wa serotonini, na dawa za mafua zinazoleta usingizi huongeza ukavu na usingizi.

Kwa propranololi, mbali na verapamili iliyokwisha kutajwa, wale wanaopata rizatriptani kwa ajili ya mashambulizi wajue kwamba propranololi huongeza kiwango chake mwilini, na hivyo dozi ya rizatriptani hupunguzwa. Sumatriptani haina tatizo hilo.

Je, naweza kufunga Ramadhani nikiwa natumia dawa hizi?

Amitriptilini ya usiku haisumbui ratiba ya mfungaji, ingawa ukavu wa mdomo huwa mzito zaidi mchana. Propranololi ya mara mbili inaweza kugawanywa kati ya futari na daku, kwa makubaliano na daktari, na pale zinapopatikana zipo tembe zinazoachia dawa polepole ambazo hunywewa mara moja kwa siku. Tahadhari ni kwa mwenye kisukari anayetumia propranololi: saa nyingi bila chakula pamoja na dawa inayoficha dalili za sukari kushuka ni mchanganyiko wa hatari, na azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Ifahamike pia kwamba kukaa bila maji, kukosa usingizi na kuacha chai au kahawa ghafla ni mambo yanayoweza kuchochea kichwa yenyewe, hasa siku za mwanzo. Kunywa maji ya kutosha usiku na kupunguza chai taratibu kabla ya mfungo husaidia wengi.

Nina mimba, au natarajia kuipata. Nifanyeje?

Mwambie daktari kabla ya kushika mimba ikiwezekana. Kipandauso cha wanawake wengi hutulia chenyewe kuanzia miezi ya kati ya ujauzito, na kwa hiyo mara nyingi inawezekana kuacha kinga kabisa na kutumia parasetamoli pale panapolazimu. Propranololi inaweza kupunguza ukuaji wa mtoto tumboni, na ikitumiwa karibu na kujifungua mtoto anaweza kuzaliwa na mapigo ya polepole au sukari ya chini, hivyo huhitaji uangalizi. Amitriptilini hutumiwa pale tu faida inapozidi hatari. Kwa anayenyonyesha, dawa zote mbili hupita kidogo katika maziwa na kwa kawaida huruhusiwa kwa mtoto mwenye afya njema, ila mtoto achunguzwe kama analala kupita kiasi au hanyonyi vizuri. Kwa vyovyote, usiache dawa ghafla siku uliyopima na kukuta una mimba. Nenda kliniki kwanza.

Mtoto wangu ana kipandauso. Anaweza kupewa moja kati ya hizi?

Uamuzi huo ni wa daktari wa watoto peke yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu watoto na vijana wa miaka 8 hadi 17, uligundua kwamba amitriptilini haikuwa bora kuliko kidonge kisicho na dawa, na watoto wengi walipata nafuu katika makundi yote. Usingizi wa kutosha, kula kwa wakati na maji shuleni ndivyo vya kuanza navyo.

Je, dawa hizi mbili zinaweza kutumiwa pamoja?

Ndiyo, kwa uamuzi wa daktari, hasa kwa mtu mwenye kipandauso na maumivu ya mkazo kwa pamoja ambaye dawa moja haikumtosha. Kizunguzungu cha kusimama huongezeka kwa kuwa zote zinaweza kushusha shinikizo la damu. Kwa kawaida ni vyema kujaribu moja kikamilifu kabla ya kuongeza ya pili, ili ijulikane ipi imeleta nini.

Nikijisikia vizuri, naweza kuacha tu?

Usiache ghafla. Propranololi ikikatwa kwa siku moja, hasa kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, inaweza kuleta maumivu ya kifua, mapigo ya kasi na hata shambulio la moyo. Amitriptilini ikikatwa ghafla huleta kichefuchefu, kukosa usingizi, wasiwasi na maumivu ya kichwa yaleyale uliyokuwa ukiyakimbia. Zote hupunguzwa kwa wiki kadhaa. Hii ina maana pia ya kutosubiri kidonge cha mwisho kiishe ndipo ukatafute cheti kingine, na ya kubeba akiba unaposafiri kwenda kijijini ambako duka la dawa lililo karibu huenda halina unachohitaji.

Muuzaji dukani yuko tayari kuniuzia bila cheti. Kuna ubaya gani?

Muuzaji huyo hajakupima mapigo, hajakuuliza kuhusu pumu wala tezi dume, na hajui kama una malaria mwezi huu. Maswali hayo ndiyo yanayomlinda mgonjwa, na kwa dawa hizi mbili yana uzito kuliko kidonge chenyewe. Kidonge cha jirani yako kilichomsaidia yeye kinaweza kukubana kifua wewe.

Nimesahau dozi moja. Nimeze mbili kwa pamoja?

Kamwe usiongeze dozi maradufu. Propranololi imeze ukikumbuka, isipokuwa kama muda wa dozi inayofuata umekaribia. Hapo iache na uendelee na ratiba. Amitriptilini ya usiku uliyoisahau usiimeze asubuhi, kwa kuwa itakulaza mchana. Subiri usiku unaofuata.

Mtoto amemeza vidonge vyangu. Nifanye nini?

Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza na anaonekana mzima, na uende na pakiti ya dawa. Vidonge vichache vya amitriptilini vinaweza kumuua mtoto mdogo kwa kuvuruga moyo na kuleta degedege, na dalili huweza kuchelewa saa kadhaa kisha zikaja kwa kasi. Propranololi nayo hushusha mapigo, shinikizo na sukari yake. Usimpe maziwa kwa kudhani yataizima dawa, na usimtapishe. Dawa zote mbili ziwekwe katika sanduku lenye kufuli, mahali pa juu, na kamwe zisihamishiwe kwenye kopo la peremende au kufungwa katika karatasi isiyo na jina.